Kiungo cha Solda Kinapochoka: Mwongozo Kamili wa Bodi za Ruta na Swichi

Swichi ya mtandao, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta nyingi, ya matundu 24, ya SACCO moja upande wa Masaka ilikuwa ikizimika kila siku kwenye saa nane mchana, kisha inawaka yenyewe usiku. Mafundi watatu walikuwa wameshapita. Mmoja alibadilisha kebo zote, wa pili akapakia programu upya, wa tatu akasema swichi imezeeka, inunuliwe nyingine. Nilipoifungua mezani kwangu Kampala na kuiweka chini ya lenzi, niliona mguu mmoja wa koili ya sehemu ya umeme umezungukwa na pete nyeusi, nyembamba kuliko uzi. Solda, ile metali inayoyeyushwa kushika miguu ya vipuri kwenye bodi, ilikuwa imeachana na mguu pande zote. Joto la mchana likipanda, mguu unasogea na mgusano unapotea. Usiku bodi ikipoa, vinagusana tena. Ilikuwa kazi ya dakika kumi na solda ya urefu wa kidole.

Miezi minne baadaye swichi ile ile ikarudi, na ufa ule ule, kwenye mguu ule ule. Kosa lilikuwa langu. Niliziba ufa nikaacha kilichouleta. Kabati la swichi lilikuwa limetundikwa chumba cha nyuma, chini ya mabati yasiyo na dari. Feni ilikuwa imejaa vumbi jekundu, na umeme wa pale ulikuwa ukikatika na kurudi mara kadhaa kwa siku. Tangu hapo sirudishi kifaa kwa mwenyewe kabla sijajua kinaishi wapi. Ninachoandika hapa ni utaratibu ninaoufuata sasa, tangu kifaa kinapoingia mlangoni mpaka kinaporudi kwenye kabati lake.

Kwa nini solda huchoka

Wengi huichukulia solda kama gundi, kwamba ikishashika imeshika. Solda ni metali laini inayobeba mzigo kila siku. Kila kitu kwenye bodi hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, ila havitanuki sawa. Bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo na resini, ile iitwayo FR-4, hutanuka takriban sehemu 14 hadi 17 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kauri hutanuka kama sehemu 7, na silikoni iliyo ndani ya chipu kama 3 tu. Chipu inavuta huku, bodi inavuta kule, na solda ndiyo iliyo katikati.

Chukua chipu yenye kifuko cha kauri, upana wake milimita 35. Kutoka katikati yake mpaka kwenye kona ni karibu milimita 25. Bodi ikipanda joto kwa nyuzi 60 baada ya kuwashwa, kona ya chipu na mahali ilipokaa kwenye bodi vinapishana kwa maikromita 15 hivi, yaani kama sehemu moja ya tano ya unene wa unywele. Ni kidogo mno, lakini chipu kama hiyo hushikwa na mipira midogo ya solda iliyo chini yake, na mpira ulioshika kona hiyo wenyewe ni mdogo, na unavutwa hivyo kila kifaa kinapowaka, kisha unarudishwa kila kinapozimika. Shika waya wa kufungia, ukunje na kuukunjua mahali pamoja. Hautakatika mara ya kwanza wala ya tano, lakini utafika wakati utakatika.

Ndiyo maana kwenye chipu za mipira, zile za BGA, mipira ya kona hupasuka kabla ya ile ya katikati. Ndiyo maana pia viungo vya vitu vizito vyenye miguu minene huanza kulegea mapema kuliko vingine: koili, transfoma, tundu la adapta na matundu ya kebo za mtandao. Vitu hivyo hupata joto na bado vinasukumwa na mikono ya watu.

Sasa tuhesabu hali yetu. Swichi iliyo kwenye jengo ambalo umeme haukatiki inaweza kumaliza mwaka bila kupoa hata mara moja. Swichi ya senta ambako umeme hukatika mara tatu kwa siku, kila mara kwa muda wa kutosha bodi kupoa, hupitia mizunguko zaidi ya 1,000 kwa mwaka huo huo. Kifaa kimoja, solda moja, ila maisha mawili tofauti kabisa. Mtu akiniambia amenunua UPS, ile betri inayoshika kifaa umeme ukikatika, ili asipoteze intaneti, namwambia amenunua pia miaka ya solda.

Adui wa pili ni uchafu ukikutana na unyevu. Vumbi la barabara zetu za marram, zile zisizo na lami, lina udongo mwekundu wa mfinyanzi, na mfinyanzi hushika maji. Kiangazi linatulia juu ya bodi bila madhara makubwa, zaidi ya kuziba njia ya hewa. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zikianza, vumbi lile linanyonya unyevu na kuwa njia ya umeme kati ya miguu iliyokaribiana. Mabaki ya flaksi, ile dawa inayosaidia solda ishike, ambayo fundi hakuyasafisha hufanya hivyo hivyo. Volti ikiwepo na maji yakiwepo, metali huyeyuka kutoka mguu mmoja na kuota kuelekea mwingine, kama vimizizi, mpaka viguse na kufanya shoti. Karibu na ziwa, Entebbe na Jinja, wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi huingia kwa mamia kwenye kifaa chenye taa na feni. Mende hupenda joto la ruta. Mjusi akiacha mkojo wake juu ya bodi, shaba hugeuka kijani ndani ya wiki chache.

Hatua ya kwanza: muulize mwenye kifaa

Kabla ya bisibisi, uliza. Mwalimu mmoja alikuja kwangu kutoka Arua, ruta imefungwa ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, juu ya mapaja yake safari nzima ya basi.

"Mwalimu, hii inasumbua saa ngapi?"

"Fundi, ikishawaka haina neno. Lakini mvua ikinyesha usiku, asubuhi haiwaki mpaka jua litoke."

Sentensi hiyo ilinipunguzia nusu ya kazi. Kifaa kinachokufa kikipata joto na kufufuka kikipoa mara nyingi kina ufa. Kinachogoma asubuhi ya baridi au ya mvua na kukubali kikipata joto kina unyevu, au kina kapasita zilizokauka. Kinachokatika ukigusa kebo kina tundu lililolegea. Na kilichokufa usiku wa radi usikitafutie ufa, tafuta kilichoungua. Ruta ya Mwalimu ilikuwa na vumbi na mabaki ya flaksi ya matengenezo ya zamani kati ya miguu ya chipu ya umeme. Ilisafishwa tu, haikupigwa solda hata tone.

Uliza pia kifaa kilikaa wapi, kimeshafunguliwa na nani, na kililetwaje. Ruta iliyofungwa nyuma ya boda boda bila sponji kwa kilomita arobaini za mashimo inaweza kupata ufa wake mpya njiani.

Hatua ya pili: ondoa yasiyo ya bodi

Adapta kwanza. Ipime ikiwa imebeba mzigo, si ikiwa peke yake. Adapta ya volti 12 inaweza kuonyesha 12 kamili ikiwa mkononi, kisha ikashuka hadi 9 au 10 ruta inapowaka. Hiyo ni adapta mbovu, na bodi haina kosa. Badilisha kebo, badilisha tundu, badilisha moduli ya faiba ikiwa ipo. Jaribu kila kimoja peke yake, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Kisha fikiria kapasita. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba kila ukipunguza joto kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita ya maji ya elektroliti yanakuwa mara mbili. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikiishi kwenye nyuzi 65, itafika kama saa 32,000, yaani zaidi kidogo ya miaka mitatu na nusu ya kuwaka mfululizo. Ikiishi kwenye nyuzi 75, nusu ya hapo. Kapasita iliyovimba kichwa inajulisha yenyewe, lakini nyingi hukauka bila kuvimba, kwa hiyo mita ya kupima ukinzani wa ndani wa kapasita ni chombo kinachostahili bei yake.

Na kuna vifo visivyohusu kabisa solda wala kapasita. Mwanzoni mwa 2017 ilitangazwa kuwa chipu za Intel Atom C2000, zilizokuwa ndani ya vifaa vingi vya mtandao, zina kasoro kwenye saketi ya saa: baada ya muda saa inakufa, na kifaa kikizimwa hakiwaki tena. Fundi anayepasha moto bodi ya namna hiyo anahangaika bure. Soma namba ya chipu, tafuta matangazo ya mtengenezaji, ndipo uamue.

Hatua ya tatu: soma hesabu za kifaa chenyewe

Ikiwa kinawaka, ingia ndani. Angalia hesabu ya makosa ya CRC, yaani data iliyofika imeharibika, kwa kila tundu, angalia joto, soma logi, ile kumbukumbu ya matukio ya kifaa. Makosa yakikaa kwenye tundu moja na kubaki pale pale baada ya kubadilisha kebo na kifaa cha upande wa pili, shuku kiungo cha tundu hilo au transfoma yake. Yakitokea kwenye matundu manane yaliyofuatana, shuku chipu inayoyahudumia yote manane. Kifaa kinachojiwasha upya bila kuandika lolote kwenye logi kwa kawaida kimepoteza umeme ghafla, basi anza na sehemu ya umeme. Andika namba hizi kabla ya kuzima, maana zitapotea.

Hatua ya nne: fungua kwa usalama

Swichi zenye sehemu ya umeme ndani yake zina kapasita kubwa inayobeba takriban volti 340, kwa kuwa kilele cha umeme wetu wa volti 240 hufika hapo. Kuchomoa plagi hakuimalizi. Subiri, pima, kisha imalize kwa rezista kubwa, usitumie bisibisi. Vaa ukanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, hasa Januari na Februari hewa inapokuwa kavu. Piga picha ya kila screw na kila waya kabla ya kuvitoa.

Hatua ya tano: safisha kabla ya kuangalia

Vijana ninaowafundisha huona hatua hii kama ya kufagia, wakairuka. Ufa haupo ukiwa chini ya vumbi, yaani kwa macho yako haupo. Puliza vumbi ukiwa nje, ukizuia feni isizunguke. Kisha tumia pombe ya isopropili ya asilimia 99 na brashi laini, ukisugua kati ya miguu. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji karibu theluthi moja, usiitumie ukiwa na njia nyingine. Acha bodi ikauke kabisa. Siku ya mvua iweke penye joto la wastani kwa saa kadhaa. Vifaa vingi vinavyoletwa kama "vimekufa" hupona hapa, na ukiruka hatua hii utasifu solda yako kwa kazi iliyofanywa na brashi.

Hatua ya sita: angalia

Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kuanzia. Hadubini ndogo ya mezani ni bora. Kinachosaidia zaidi ni taa. Usimulike kutoka juu. Shusha taa iwe karibu sambamba na bodi, kisha izungushe polepole bodi yenyewe. Kiungo kizima kina mteremko laini kama kichuguu kidogo, kuanzia kwenye mguu mpaka kwenye shaba, na mwanga unateleza juu yake bila kukatika. Kiungo kilichochoka kina mviringo unaomeza mwanga. Ukizungusha bodi, pete ile inabaki nyeusi wakati solda iliyoizunguka inang'aa. Weka kijiti cha mbao kwenye kichwa cha tundu upande wa pili na ukisukume kidogo: ukiona mguu unacheza ndani ya solda kama nguzo kwenye shimo lililolowa, umeupata.

Anzia kwenye tundu la adapta, kisha koili na transfoma, kisha matundu ya kebo, kisha viunganishi vya feni na vya bamba la kupozea. Usidanganywe na rangi. Solda yenye risasi iliyopigwa vizuri hung'aa, lakini solda isiyo na risasi huwa na sura ya kufifia na chembechembe hata ikiwa nzima kabisa. Angalia umbo, angalia kama imelowanisha mguu na shaba, usihukumu kwa kung'aa. Shirika la IPC lina kiwango kiitwacho IPC-A-610 kinachoonyesha kwa picha kiungo kipi kinakubalika na kipi hakikubaliki. Kila karakana inayotaka kuheshimika iwe nacho.

Hatua ya saba: chokoza tatizo

Usipoona kitu, lazimisha kosa lijitokeze kifaa kikiwa kimewaka na kompyuta ikituma pingi, yaani ujumbe mdogo wa kujaribu mtandao, mfululizo kukipitia. Pasha sehemu moja ndogo kwa bloa ya hewa moto ukiwa umeishusha nyuzi 70 hadi 80, kisha hamia sehemu ya pili. Poza kwa dawa ya kugandisha; ukiikosa, kopo la hewa la kupulizia vumbi likipinduliwa hutoa kimiminika cha baridi. Gusa na bonyeza kwa kijiti cha mbao, kamwe si cha chuma. Ukipata mahali ambapo joto linaua na baridi inafufua, rudia mara tatu kabla ya kuamini. Sehemu yenye umeme mkubwa usiichokoze namna hii kifaa kikiwa kimewaka.

Hatua ya nane: rudisha kiungo

Jua kwanza unashughulika na solda gani. Solda ya zamani ya bati asilimia 63 na risasi 37 huyeyuka kwa nyuzi 183. Tangu tarehe 1 Julai 2006, sheria za Umoja wa Ulaya zilipopiga marufuku risasi kwenye vifaa vingi vya umeme, viwanda vilihamia kwenye solda ya bati, fedha na shaba inayoyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Vifaa vikubwa vya mitandao ya simu viliachiwa nafasi ya kuendelea na risasi kwa miaka mingine, hivyo usihukumu kwa mwaka wa kutengenezwa peke yake. Weka ncha ya chuma cha solda kwenye nyuzi 210 hivi na uguse kiungo kidogo kisicho na shaba nyingi. Kikiyeyuka, kina risasi.

Kosa ninaloliona kila wiki ni kuongeza solda mpya juu ya ufa. Inaonekana nzuri, ina mng'ao, na chini yake kuna kutu ile ile. Toa solda yote ya zamani kwa flaksi na utambi wa shaba, mpaka mguu na tundu vionekane. Safisha. Ikiwa mguu umeshika kutu, ukwangue taratibu na uupake solda peke yake kwanza. Kisha weka flaksi mpya, weka ncha iguse mguu na shaba kwa pamoja, hesabu sekunde moja, lisha solda kutoka upande wa pili wa ncha, subiri itiririke mpaka upande wa juu wa bodi, ondoa solda, ondoa ncha. Sekunde mbili hadi tatu kwa kiungo cha kawaida. Nyuzi 320 hadi 350 kwa solda ya risasi, 350 hadi 380 kwa isiyo nayo.

Miguu iliyounganishwa na tabaka pana la shaba la ndani hunyonya joto kama ardhi kavu inavyonyonya maji. Fundi akiona solda haiyeyuki anapandisha chuma hadi 450 na kung'oa pedi, kile kipande cha shaba kinachoshikwa na solda kwenye bodi. Usifanye hivyo. Pasha bodi nzima kwanza kutoka chini, ifike nyuzi 100 hivi, na utumie ncha pana badala ya ile ya sindano. Shaba ya ndani ya tundu ikiinuka, bodi imeingia kwenye ugonjwa mgumu kuliko ule ulioletewa.

Solda ya joto la chini yenye bismathi, inayoyeyuka kwa nyuzi 138, inauzwa sana sasa kwa kuwa ni rahisi kutumia. Usiiweke mahali palipokuwa na risasi. Bati, risasi na bismathi zikichanganyika huweza kufanya mchanganyiko unaoyeyuka karibu nyuzi 96, na kuna sehemu za umeme ndani ya swichi zinazokaribia joto hilo zenyewe.

Maliza kwa kusafisha flaksi yote, hata ile iliyoandikwa kuwa haihitaji kusafishwa. Huku kwetu mimi huisafisha daima. Fungua dirisha, weka feni ya kuvuta moshi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na usiruhusu watoto wacheze kwenye meza yenye vumbi la solda ya risasi.

Kuhusu chipu za mipira

Hapa nina msimamo na sitauficha. Kupasha chipu ya BGA kwa bloa mpaka ifufuke si matengenezo. Wengine huingiza bodi kwenye oveni ya kuokea mikate. Joto la oveni ile halifiki kuyeyusha solda isiyo na risasi bila kuharibu plastiki; linachofanya ni kuipinda bodi kidogo, nyufa zinagusana, kifaa kinawaka mbele ya mteja, na baada ya siku au wiki kinakufa. Moshi wa bodi unabaki kwenye oveni ambayo kesho itaoka chakula cha watu. Tafadhali usifanye hivyo.

Kazi halisi ni kutoa chipu, kusafisha pedi zote, kuiwekea mipira mipya na kuirudisha kwa mashine inayopasha juu na chini kwa mpangilio: joto lipande nyuzi 1 hadi 3 kwa sekunde, likifika kilele cha nyuzi 235 hadi 250 kwa solda isiyo na risasi. Kabla ya hapo bodi ikaushwe, maana unyevu ulio ndani ukigeuka mvuke hupasua tabaka. Bodi yenye plastiki nyingi naikausha kwa nyuzi 80 hadi 90 kwa siku nzima au zaidi. Usipokuwa na mashine, mwambie mteja ukweli, na ulinganishe gharama na bei ya kifaa kipya. Kwa ruta ndogo ya nyumbani jibu karibu daima ni kununua nyingine. Kwa kifaa kikubwa cha kampuni ya intaneti, hesabu hubadilika.

Hatua ya tisa: jaribu kwa uchovu, si kwa dakika tano

Kifaa kilichokufa kwa kupashwa na kupoa lazima kijaribiwe kwa kupashwa na kupoa. Kiwashe saa moja, kizime nusu saa, rudia siku nzima. Kisha kiache kimewaka siku mbili, kikipitisha pingi za baiti 1472, ambazo hujaza pakiti ya kawaida ya baiti 1500. Linganisha hesabu za CRC na zile ulizoandika mwanzo. Mteja akiharakisha, mweleze kwamba siku hizi tatu ni sehemu ya bei.

Hatua ya kumi: nenda ukaone kabati

Nenda mwenyewe, au omba picha na vipimo. Tundika kipimajoto ndani ya kabati kwa siku moja kamili, kisome saa nane mchana mlango ukiwa umefungwa. Vifaa vingi vya ofisini vimeandikwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Chini ya mabati bila dari, upande wa Gulu, Moroto au Kasese wakati wa kiangazi, utashangaa kiasi kinachosomeka. Kumbuka pia mwinuko wetu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni inayozunguka kwa kasi ile ile inabeba joto pungufu. Kabale ni juu zaidi, ingawa baridi ya kule inafidia. Watengenezaji kadhaa hushusha kiwango cha joto kinachoruhusiwa kadiri unavyopanda. Soma karatasi ya kifaa chako.

Hamisha kabati kutoka ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Weka dari, hata ya mbao nyembamba. Acha nafasi ya kiganja kati ya swichi moja na nyingine badala ya kuzibebesha. Chujio la vumbi lisafishwe kila mwezi wakati wa kiangazi. Chujio lililoziba ni baya kuliko kukosa chujio. Ziba matundu ya nyuma kwa wavu wa chuma ili mijusi na wadudu wa ziwa wasiingie. Kebo zifungwe kwenye fremu, zisining'inie kwenye matundu, kwa sababu uzito ule unakunja viungo mchana na usiku.

Umeme: UPS itoshe kuvuka kukatika kwa kawaida kwa eneo lile, na feni ya kabati iunganishwe humo humo. Nimeona swichi iko kwenye UPS na feni iko ukutani. Umeme ukienda, swichi inaendelea kuchemka bila hewa. Mahali ambapo umeme hurudi na kuondoka mara tano ndani ya dakika moja, weka kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme dakika chache kabla ya kuupitisha.

Radi: eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani. Kati ya jengo na jengo tumia faiba isiyo na chuma ndani yake, usipitishe kebo ya shaba angani. Athi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, ipimwe, isikisiwe. Kifaa kilicho mahali penye unyevu wa kudumu kinaweza kupakwa rangi ya kinga ya akriliki baada ya kusafishwa vizuri, huku matundu na viunganishi vikiwa vimefunikwa kwa tepu.

Mwisho, daftari. Kila kifaa kina mstari wake: tarehe, mahali, namba ya bodi, dalili, kiungo kilichopasuka, solda iliyotumika, joto la kabati. Swichi ya SACCO ina mistari mitatu. Wa kwanza unasema mguu wa koili umepigwa solda. Wa pili unasema umepigwa tena, kabati limehamishiwa ukuta wa mashariki, dari imewekwa, feni na swichi zimeunganishwa kwenye UPS moja. Wa tatu ni wa mwaka uliofuata, nilipokwenda kufunga kitu kingine nikaomba kuifungua: mguu wa koili, taa pembeni, hakuna pete.